Msiba wa Peninah Jerop

Habari ya kifo cha Peninah Jerop ilimfikia Peninah Jerop mwenyewe asubuhi ya Jumamosi, akiwa jikoni akichuja chai. Aliyeileta ni Caren, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu ya ulinzi na hakuwa hata amevua buti.

"Mama Ivy, zima jiko," Caren alisema.

"Kuna nini?"

"Zima kwanza." Akamnyooshea simu. "Wanasema umekufa."

Peninah alijipangusa mikono kwenye leso, akaishika simu mbali kidogo na macho. Picha ilikuwa yake kweli: kofia pana ya kantri, shati la miraba, gitaa pajani, na tabasamu la mwanamke wa miaka thelathini asiyemwogopa mtu. Pembeni wamechora mshumaa. Chini wameandika kwamba malkia wa kantri ameaga dunia Dubai, na kwamba Moiben nzima inalia.

"Hii ilipigwa Eldoret," akasema. Ndilo neno la kwanza lililomjia. "Siku ya maonyesho ya kilimo."

Ummi akatoka chumbani, taulo kichwani, akijiandaa kwenda dukani mtaa wa Naif, huko huko Dubai, alikouza mabuibui. Yeye alikuwa mtu wa Mombasa na hakuwahi kuisikia kantri mpaka alipopanga na wanawake hawa wawili.

"Nani kafa?"

"Mimi," Peninah akamjibu.

Ummi alimtazama, akaitazama birika, akaangua kicheko. "Yarabi toba! Maiti gani huyu apikaye chai?" Alipoona hakuna anayemuunga mkono akaziba mdomo, akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Ndicho kiti pekee kilichokuwa pale jikoni, maana jiko lile lilitumiwa na vyumba vinne na kila mtu alificha kiti chake kwake.

*

Waliifungulia redio kwenye simu ya Caren. Tangu alfajiri, stesheni moja ya Eldoret ilikuwa haipigi kitu kingine ila nyimbo za Jerop, na katikati mtangazaji Harrison akisimulia maisha yake kwa sauti ya mtu anayejikaza asilie.

Wengine kabla yake, Harrison alisema, waliimba kantri kwa kuwaiga Wamarekani. Waliimba barabara wasizozipita na mito wasiyoivuka. Jerop ndiye aliyeileta kantri nyumbani akaivisha gambuti. Aliimba kwa Kiswahili, ili hata mchungaji wa Turkana na dereva wa Mombasa wamwelewe, na aliyoyaimba ni lori la maziwa lililomwacha mkulima barabarani, ngano iliyoozea shambani kwa mvua isiyokuwa na saa, na mwanamke anayekamua alfajiri halafu mume akaenda kuchukua malipo ya ushirika. Wimbo wake wa "Ng'ombe Hajui Jumapili" uliimbwa harusini, matangani na baani. Kijana yeyote anayeshika gitaa leo kuanzia Kitale hadi Kericho, amejifunzia vidole kwenye nyimbo zake.

"Ni kweli hayo yote?" Ummi akauliza. Miaka miwili alikuwa analala kitanda cha juu ya Peninah, na alijua tu kwamba mwenzake anapenda kuimba puani wakati wa kukunja nguo.

Peninah aliisogeza simu karibu. Alikuwa amekaa kitandani, kikombe mkononi, chai imeota ngozi.

"Alizaliwa Iten," Harrison aliendelea.

"Moiben," Peninah aliiambia simu.

"Mumewe alipomwacha kwa sababu ya muziki, hakukata tamaa..."

"Hakuniacha. Alikufa. Trekta ilimpindukia."

Redio haikujua, na haingejua, yaliyofuata. Haikujua kwamba Jerop aliletwa Dubai kuimba katika mkahawa mmoja wa nyama, akivaa kofia ile ile mbele ya watalii waliokuwa wakikata nyama na hawainui vichwa. Kwamba korona ilipokuja mkahawa ulifungwa, na ulipofunguliwa tena waliweka muziki wa mashine. Kwamba alipoulizwa na watu wa nyumbani lini anarudi, alisema mkataba umeongezwa. Kwa sasa alikuwa chini ya hoteli nyingine, katika chumba cha sare kisicho na dirisha, akipokea nguo chafu za wahudumu kupitia kidirisha na kuwapa safi. Huko aliitwa mama sare.

"Piga simu," Caren akasema. "Waambie watu uko hai. Huu ni upuzi."

Alipiga studioni. Walimweka asubiri, na wakati akisubiri alijisikiliza mwenyewe akiimba. Hatimaye Harrison akaja hewani, moto moto. Peninah alimkumbuka: kijana mwembamba wa kutoka Ziwa aliyekuwa akimbebea spika, na siku moja alilala juu ya spika hizo garini ili zisiibwe.

"Hallo, msikilizaji mpendwa, unatuombolezea ukiwa wapi?"

"Harrison, ni mimi. Peninah. Sijafa."

Kisha kicheko cha studioni. "Mama, leo umekuwa wa nne. Haya, kama ni wewe, tuimbie."

Alikohoa. Miaka ya mvuke na vumbi la nguo ilikuwa imemkaa kooni. Aliuanza mstari wa kwanza wa "Ng'ombe Hajui Jumapili," akauanza chini, maana huko juu hakukufikika tena, na katikati sauti ikamkatikia kama uzi. Caren aliinamisha uso. Hewani Eldoret, Harrison alivuta pumzi.

"Umejaribu, mama yangu," akasema, kwa upole uliouma kuliko tusi. "Lakini sauti ya Jerop tunaijua sisi. Tumwache marehemu apumzike."

Simu ikakatwa. Mara ule wimbo wenyewe ukawekwa, kwa sauti ya juu, ili wasikilizaji waoshwe masikio.

*

Alasiri alikuja Linus, mwenyekiti wa kamati ya Wakenya ya kusaidiana, ambaye Caren alimwita. Alivua viatu mlangoni, akamwona Peninah, akashika fremu ya mlango.

"Nilidhani Caren ananitania."

"Karibu, mwenyekiti. Keti kitandani, ni pazuri tu."

Linus aliketi ukingoni, kofia mkononi, akasimulia. Kulikuwa na maiti kweli. Msichana wa Marigat, jina lake Peninah Jerop, hana hata miaka thelathini. Alimtoroka kafeel wake, yule mwajiri aliyemdhamini, akawa anasafisha nyumba za watu mtaa wa Satwa kwa siku, mpaka kifua kilipombana. Alichelewa kwenda hospitali kwa kuogopa kuulizwa karatasi. Kwa kuwa alikuwa hana kafeel, hapakuwa na wa kumlipia safari ya mwisho, na mwili ulikuwa umekaa kwenye jokofu wiki kadhaa.

"Tulitangaza tukachoka. Watu walichanga kama wanang'olewa jino. Halafu jana mtu akaliona jina kwenye tangazo letu, akatafuta picha, akaipata hiyo yako. Mama, tangu jana simu yangu haijapoa. Watu wanatoa mpaka Marekani. Mpaka Qatar."

"Basi waambie wamekosea."

Linus alizungusha kofia. "Ndicho nimekuja kukuomba. Ukae kimya mpaka Jumapili ijayo. Tukishamsafirisha huyu mtoto, nitasema mwenyewe kosa lilikuwa wapi."

"Yaani nikae nimekufa?"

"Ukae kimya tu, mama."

"Na huo si uongo?"

"Mchango ni wa Peninah Jerop. Na Peninah Jerop amekufa. Picha sikuiweka mimi."

"Hayo maneno ya wakili," Ummi alisema kutoka kitanda cha juu, mgongo ukiwaelekea.

Peninah alikubali. Alijiambia amekubali kwa ajili ya yule msichana, na ilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo hakumwambia mtu. Akiwa amekufa alikuwa na kofia yake, na gitaa, na Eldoret nzima inamlilia. Akifufuka, ataulizwa anafanya kazi gani.

*

Jumatatu, pale kidirishani, alikuja Hudson, mhudumu wa mkahawa wa ghorofa ya juu, kijana wa Bungoma mwenye adabu. Alisukuma shati chafu, akapokea safi, lakini hakuondoka.

"Mathe, wewe ni wa wapi kule nyumbani?"

"Uasin Gishu."

"Si basi umemjua Jerop!"

"Nimemsikia."

Macho ya Hudson yalikuwa mekundu. "Mzee wangu alikuwa na kanda zake. Alikuwa akilewa anaziweka, analia, halafu anatuomba msamaha mmoja mmoja kwa majina. Siku hizo ndizo tulikuwa tunakula vizuri." Akapangusa pua kwa kifundo cha mkono. "Kwa hivyo hapa kazini mimi ndiye nakusanya. Tunamrudisha nyumbani. Chochote tu, mathe."

Peninah alitazama nyuma, kwenye mistari ya mashati yaliyoning'inia. Akafungua pochi akatoa noti ya dirhamu kumi, aliyoiweka kwa ajili ya nauli, akaipitisha kidirishani.

"Niseme imetoka kwa nani?"

"Mama Ivy."

"Mungu akubariki. Unajua hawa wasanii wetu huachwa tu wakafa peke yao. Hakuna mtu wa kuwatafuta."

"Wewe ungemtafuta?"

Hudson alifikiri, kwa uaminifu wote. "Ningemtafutia wapi? Mtu kama huyo hawezi kukaa na watu kama sisi."

Akaenda zake akipanda ngazi, shati limelala mkononi, na Peninah akaita namba iliyofuata. Siku ile nzima alikuwa akiwahudumia watu wanaomlilia na hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni zaidi ya wakati wa kuhakikisha amepewa saizi yake. Alikuwa amezoea kutoonekana. Miaka mitano si michache. Ila alizoea kwa kujiambia kwamba wamemsahau. Sasa alijua hawakumsahau hata kidogo. Walikuwa naye kila mmoja nyumbani kwake, anapendeza, anaimba, na hawakumhitaji yeye huyu wa kidirishani kwa lolote.

Jioni aliporudi mtaani kwao Karama aliwapita watu waliojaa kwenye meza za nje za mikahawa ya bei rahisi, akanunua mkate, akala akiwa amesimama. Caren alikuwa zamuni. Ummi alikuwa dukani. Aliweka redio, akazima.

*

Jumatano saa ya chakula, akiwa chumba cha kubadilishia nguo na waya wa redio sikioni, alisikia Harrison akisema: "Tumefika Moiben, nyumbani kwa marehemu, na tuko hapa na binti yake wa pekee. Ivy, pole sana."

"Asante."

Kijiko kilimdondoka. Miaka miwili hakuwa ameisikia sauti ile. Ilikuwa imekomaa. Mama yake Peninah, aliyemlea Ivy tangu akiwa wa kubebwa wakati Jerop akizunguka mji hadi mji, alifariki mwaka ule ambao Peninah hakuweza kupata likizo. Hakwenda kuzika. Alituma wimbo, aliojirekodi chooni ili wenzake wasisikie, uchezwe kaburini. Tangu siku hiyo Ivy hakupokea simu yake.

"Dada, ni wimbo gani wa mama unaoupenda kuliko zote?"

"Sizijui sana nyimbo zake."

Harrison alicheka kidogo, cheko la kuokoa jahazi.

"Wakati alikuwa akiziimba sikuwa naye," Ivy akaendelea. Hakusikika kuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeelekeza njia. "Mimi najua vile alikuwa akikohoa nje kabla ya kufungua mlango, ndiyo nijue ni yeye, nisiogope. Najua alikuwa anaweka majani mengi kwa chai. Hizo zingine ni zenu. Mama alikuwa wa watu."

"Naam!" Harrison akadaka. "Wa watu! Mmesikia wenyewe, kutoka kwa mwanawe. Jerop alikuwa wa watu wote."

Peninah alitoka nje kupitia mlango wa wafanyakazi, akasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, joto likimpiga miguuni. Namba aliijua kwa moyo; akaipiga. Ikaita sana.

"Hallo? Ni nani?"

"Ivy. Ni mimi."

Alisikia kuku, vyombo vikigongana, watu wengi wakiongea mbali. Kisha mlango ukifungwa na sauti zote zikapungua.

"Mama?"

"Nisamehe. Aliyekufa si mimi. Ni mwingine wa jina langu."

Ivy hakulia. Alihema tu, muda mrefu. "Watu wamejaa hapa. Wameleta viti vya kanisa. Mjomba amechinja ng'ombe. Tangu lini unajua?"

Angeweza kusema leo. "Jumamosi."

"Jumamosi." Akalirudia neno kama anayeonja chakula kilichoharibika. "Na ulikuwa unangoja nini?"

Peninah alieleza habari ya yule msichana, na Linus, na mchango. Alieleza vibaya, akirukaruka, na alipomaliza yote yalisikika kama kisingizio.

"Unajua walipokuja kuniambia, nililia mpaka nikachoka," Ivy akasema. "Halafu nikalala. Nililala vizuri, mama. Nikasema angalau sasa najua yuko wapi."

Gari la taka lilipita. Peninah alingoja lipite.

"Nikuambie niko wapi. Niko..."

"Usiniambie mimi peke yangu. Kuna watu wako hapa nje wanaimba nyimbo zako. Sitatoka kuwaambia mimi. Nimechoka kuwa wa kuwaambia watu uko wapi. Waambie wewe."

*

Aliwaambia jioni ile ile. Alikaa kitandani, bado amevaa sare ya hoteli, na Caren akamshikia simu ikienda hewani moja kwa moja. Ummi alitaka ampake poda kidogo na kumfunga kilemba kizuri. Akakataa.

"Mimi ni Peninah Jerop wa Moiben," alisema. "Sijafa. Naishi Karama, chumba kimoja na wenzangu wawili. Kazi yangu ni kutoa sare hotelini. Sijaimba mbele ya watu tangu wakati wa korona. Niliwadanganya kwamba naimba." Akavuta kola ya sare. "Aliyekufa anaitwa kama mimi. Ni mtoto wa watu wa Marigat. Simjui. Mlimchangia mkidhani ni mimi. Naomba msimnyang'anye. Mpelekeni kwao."

"Wanasema uimbe," Caren alinong'ona, akisoma yaliyokuwa yakipanda kwenye kioo.

"Sina wimbo. Nimemaliza."

Kwa muda mfupi watu walimwaga mioyo myekundu. Baadaye zikaja nyuso za kucheka. Wakaja waliosema ni mzimu, waliosema ni tapeli, waliosema amejiua kwa kiki ili apate umaarufu. Mmoja aliuliza kama hoteli inaajiri. Kulipokucha, mtu alikuwa amekata kipande cha video yake akisema "sijafa" na kuitilia ngoma. Harrison aliicheza hewani akamwita Mama Lazaro, na Eldoret ikacheka hadi ikasahau kwamba ilikuwa ikilia.

Kisha wakaanza kudai vyao. Walioko Marekani walidai, walioko Qatar walidai, na walio hapa hapa Dubai walimfuata Linus mpaka kazini. Hudson aliteremka kidirishani na kuiweka ile noti ya kumi juu ya mbao bila neno. Tangu siku hiyo sare yake ikawa inachukuliwa na mwenzake.

Linus alikuja kabla ya siku ile ya Jumapili, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Sikulaumu, mama. Nami ningekuwa na mtoto anayenililia, sijui. Lakini wamerudishiwa wengi. Iliyobaki inatosha kaburi hapa. Kwa ndege haitoshi."

Caren na Ummi walikuwa tayari wameshaweka walichokuwa nacho. Peninah alikwisha kuomba mshahara wa mbele na Fawaz, msimamizi wake, akamwambia, "Inshallah, mwezi ujao," kwa namna wanavyolisema neno hilo watu wasiokusudia kutoa.

"Mama yake msichana amejua?" Peninah aliuliza.

"Nimempigia mara mbili, nikashindwa kusema." Linus alitoa simu mfukoni. "Utamwambia wewe."

Peninah alimwambia. Walizungumza Kikalenjin. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti kavu, ya mtu aliyeongea na mbuzi maisha yake yote.

"Wewe ndiwe yule mwimbaji? Walisema umekufa."

"Walikosea, mama."

"Waliniambia mtoto anakuja Jumapili. Nimekwisha kuchimbisha." Kisha akauliza: "Sasa lile shimo nilifukie?"

Peninah alikuwa ametunga nyimbo za ukame na za mafuriko, na watu walikuwa wakimwambia hakuna jambo asilolipatia neno. Alishika simu.

Usiku ule Ivy alituma ujumbe mfupi. *Nimekuona. Umekonda.* Peninah aliandika jibu akafuta, akaandika tena akafuta, mwishowe akapiga, na Ivy akapokea. Hawakusema mengi. Walisema juu ya viti vya kanisa, vimerudishwa. Juu ya ule uzio wa upande wa mtoni, umeanguka.

*

Walimzika msichana wa Marigat katika makaburi ya Wakristo kule Jebel Ali, asubuhi yenye upepo wa mchanga. Walikuwepo Linus, Caren, Peninah, na mchungaji mmoja aliyekuwa na maziko mengine baadaye. Ummi aliomba ruhusa dukani akaja pia, akasimama kando kidogo, mikono mbele, akimsomea kimya kimya yale anayoyajua yeye. Rafiki wa marehemu hata mmoja hakutokea. Huenda walikuwepo mjini na waliogopa kuulizwa karatasi.

Linus aliishika simu juu ili mama aone. Marigat kulikuwa na jua kali na mtandao mbovu. Uso wa yule mwanamke ulikuwa ukiganda na kuachia. Nyuma yake palionekana watu wachache na mti wa miiba. Jeneza liliteremshwa. Mchungaji alisoma haraka.

"Mama," Linus alimgeukia Peninah, "labda utuimbie kidogo. Ubeti mmoja."

Peninah alikohoa, akalainisha midomo. Alikuwa tayari amevuta pumzi.

"Asiimbe," sauti ya simuni ikasema.

Peninah aliiachia ile pumzi.

"Sikatai nyimbo. Nimeimbiwa sana wiki hii." Uso uliganda, ukaachia. "Ninataka kumwita. Tangu afe hajaitwa na mtu wa kwao. Wewe una jina lake. Nikiita, uitike."

Caren alimshika Peninah kiwiko. Linus akampa simu.

"Jerop!" mwanamke yule aliita. Hakuita kwa kilio. Aliita kama anavyoitwa mtoto aliye mbali na boma na giza linaingia, akilivuta lile jina mwishoni lifike.

Peninah aliileta simu karibu na mdomo. Mwanamke akaita tena. Ndipo akaitika, kama wanavyoitika wasichana wa kwao wakiitwa na mama zao, kwa sauti ile mbovu aliyobaki nayo. Hakuna aliyemwita hivyo tangu kabla ya gitaa, tangu kabla ya kofia. Mtu aliyekuwa akimwita hivyo alizikwa na yeye hakuwepo.

"Umekula?" mwanamke aliuliza.

Peninah alimtazama Linus. Linus alikuwa ameinamia viatu vyake.

"Nimekula, mama."

"Haya," ikasema sauti kutoka Marigat. "Lala basi."

Picha ikaganda, na safari hii haikuachia. Peninah aliendelea kuishika simu mbele yake kwa mikono miwili. Mchanga ulikuwa ukiingia kaburini wenyewe, kidogo kidogo, kwa upepo. Wafanyakazi wawili wa makaburi, waliokuwa wamesimama kwa adabu wakiegemea makoleo, wakamtazama yeye, si mchungaji wala mwenyekiti, wajue kama wanaweza kuanza.

"Yalla," akawaambia. "Fukieni."